J.L.B. Smith: mkemia aliyemtafuta silikanti kwenye pwani yetu

Tukimtaja silikanti hewani, wasikilizaji wa Kilambo na Msimbati huuliza ni nani aliyegundua kwamba samaki huyu bado yupo. Jibu lina watu wengi ndani yake, wavuvi wakiwa wa kwanza. Lakini jina lililoshika vitabuni ni la James Leonard Brierley Smith wa Afrika Kusini.

Smith alizaliwa Graaff-Reinet mwaka 1897. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliletwa Afrika Mashariki akiwa askari kijana kupigana na Wajerumani, akaondoka na malaria, kuhara damu na afya ambayo haikupona tena sawasawa. Alisomea kemia hadi Cambridge, kisha akaifundisha katika chuo cha Rhodes, Grahamstown. Samaki aliwasoma kwa mapenzi yake, muda wa ziada.

Silikanti wakati huo alijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Louis Agassiz, Mswisi, alimpa jina mwaka 1839 kutokana na kisukuku cha Uingereza. Visukuku vya mwisho vina umri wa miaka milioni 66 hivi, kwa hiyo wataalamu waliamini ametoweka pamoja na madinosaria. Kilichowavutia ni mapezi yake: yana nyama na mifupa, yamechomoza mwilini kama miguu mifupi. Wakijaribu kueleza aliishije, wengi walimwona akitambaa juu ya sakafu ya bahari.

Tarehe 22 Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, alimkuta samaki wa ajabu kwenye meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen. Alikuwa wa buluu, urefu mita moja na nusu, uzito kilo 57. Alimchora, akamwandikia Smith. Barua ilichelewa na joto halikusubiri. Dawa ya kuhifadhi haikutosha, matumbo yakatupwa, ikabaki ngozi na baadhi ya mifupa. Smith alipofika Februari 1939 alimtambua papo hapo, akamwita Latimeria kwa heshima ya Marjorie.

Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Mtu anayesoma mawe hana moyo wala tumbo la kuchunguza; Smith alikaribia kuvipata, vikaishia jalalani. Ilimbidi apate samaki wa pili.

Wataalamu wengine walisema samaki yule ametoka kilindi cha mbali kabisa. Smith alikataa. Magamba mazito na mapezi imara, alivyoona yeye, ni ya mwindaji wa kwenye miamba, na makao yake lazima yawe kaskazini, kwenye maji ya joto. Basi yeye na mkewe Margaret, ambaye alichora samaki na kuongoza kazi nyingi, wakaanza kupita pwani: kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kutoka hapa kwetu, kisha Kenya, Pemba na Unguja. Tusifiche jambo moja: alikusanya samaki kwa baruti. Sisi wa Mtwara tunajua baruti inavyoacha matumbawe, na hatuoni sababu ya kumtetea kwa hilo.

Waligawa karatasi yenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwemo, katika pwani ya Waswahili! Picha ndiyo iliyofanya kazi.

Mwaka 1952 huko Zanzibar walikutana na Eric Hunt, nahodha wa jahazi la biashara, akachukua karatasi hizo hadi Komoro. Desemba mwaka huohuo Ahamadi Abdallah, mvuvi wa Domoni kisiwani Anjouan, alimvua mmoja kwa mshipi. Wenyeji walimjua siku nyingi kwa jina la gombessa. Magamba yake walikwaruzia mipira ya baiskeli kabla ya kuziba pancha. Samaki alibebwa kupita milimani hadi kwa Hunt, naye akapeleka simu ya maandishi. Smith alimwomba Waziri Mkuu Malan ndege ya jeshi, akapewa, na alipomwona samaki huyo Mayotte alilia. Baadaye Wafaransa, waliotawala visiwa hivyo, waliwazuia watafiti wa nje, na uchunguzi wa kina wa mwili wa silikanti ukafanyika Ufaransa.

Kitabu chake cha 1956 kilimwita samaki huyo Mzee wa Miguu Minne. Smith alijiua Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 70, baada ya maradhi ya muda mrefu.

Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka Komoro kwa nyambizi ndogo, akawapiga picha silikanti wakiwa hai karibu mita 200 chini. Mchana hujificha kwenye mapango ya miamba, usiku huelea na mkondo wakitafuta chakula, wakati mwingine kichwa kikiwa chini. Kuhusu miamba na maji ya kaskazini, Smith alikuwa sahihi. Kutambaa hakukuonekana, ingawa mapezi huenda kwa zamu, la kushoto mbele pamoja na la kulia nyuma, kama mnyama atembeavyo.

Na mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walimtoa mmoja majini. Tanga walifuata, wengi wakinaswa na jarife zilizotegwa kina kirefu.