Nakashima: Fundi aliyeheshimu nyufa

Fundi wengi wakiona ubao umepasuka, wanautupa. George Nakashima aliuchukua.

Alizaliwa 1905 Spokane, Marekani, kwa wazazi wahamiaji kutoka Japan. Alisomea usanifu wa majengo, akafanya kazi Tokyo na India. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya nchi aliyozaliwa ilimfungia kambini Minidoka, Idaho, pamoja na mkewe na binti yao mchanga. Kosa? Asili yao tu.

Humo kambini seremala Gentaro Hikogawa alimfunza useremala wa Kijapani, vifaa vikiwa vya mkono na mbao zikiwa mabaki.

Alitoka 1943, akahamia New Hope, Pennsylvania, na baadaye akafungua karakana. Benchi lake maarufu, Conoid, lina sehemu ya kukalia ya walnati iliyokolea, ukingo ukiachwa ulivyoota, na fito za hikori iliyopauka za kuegemea. Penye ufa alipachika kipande chenye umbo la kipepeo, usizidi kupanuka. Hakuuficha.

Alifariki 1990. Ujuzi aliouokota kifungoni ndio ulimjengea jina. Na wewe je, ufa wako unaufanyia nini?