Theresa Wallach: Manzi Aliyetoka London Hadi Cape Town na Nduthi, Bila Hata Dira

Ushawahi panda nduthi kutoka Nairobi hadi Nakuru? Unashuka mgongo unalia na miguu haijui kama bado ni yako. Sasa ongeza jangwa la Sahara, ongeza msitu wa Congo, alafu urudi nyuma hadi 1934, wakati hata huyo jamaa wa Google Maps hajazaliwa. Hiyo safari ilipigwa na mamanzi wawili wa Uingereza, na leo nataka tubonge kuhusu mmoja wao, Theresa Wallach.

Theresa alizaliwa Aprili 30, 1909. Mapenzi yake kwa pikipiki yalianza mapema na wazae wake hawakufurahia hata kidogo. Enzi hizo msichana wa familia nzuri alitarajiwa kushika kikombe cha chai, si spana. Yeye alidinda. Mwaka wa 1928 akapata skolashipu ya kusomea uinjinia pale Northampton Polytechnic, London. Hiyo skolashipu usiisahau, maana ndiyo itawaokoa mbele.

Mwenzake alikuwa Florence Blenkiron, naye hakuwa wa kuchezewa. Mwaka huo huo wa 1934 alikuwa ameweka jina pale Brooklands, uwanja wa mbio wa Uingereza, kama mwanamke wa kwanza kuzungusha pikipiki hapo kwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Kwa hesabu zetu, hiyo inapita kilomita 160. Ilikuwa mbogi ya watu wawili tu, lakini iko sawa.

Waliondoka London Desemba 11, 1934. Chombo chao kilikuwa Panther ya 600cc yenye silinda moja, kutoka kwa kampuni ya Phelon & Moore. Ukilinganisha na boda ya stage yako, ambayo mara nyingi ni 125cc au 150cc, utasema hao walikuwa wamejipanga. Ngoja kwanza. Pembeni kulikuwa na kibehewa cha kubebea mtu na mizigo, na nyuma trela nyingine imejaa vyombo. Hawakuwa na gari la kuwafuata likiwabebea spea. Dira pia hawakuwa nayo. Yaani unaingia Sahara na huna hata kitu cha kukuonyesha kaskazini ni wapi!

Kutoka Algiers waliteremka kusini kupitia Tamanrasset wakielekea Agadez. Hapo ndipo mambo ilikuwa noma. Mchanga haujali wewe ni nani. Kwa chombo kama kile ni tairi moja tu ya nyuma inasukuma mzigo wote, kwa hivyo ikizama, kila kitu kinakwama. Unashuka, unachimba, unasukuma, unapanda, unaenda kidogo, unashuka tena. Wakibahatika walifika kwenye ngome za wanajeshi wa Ufaransa, wakapumzika kabla ya kurudi kwa mchanga.

Alafu injini ikakufa.

Watu wakisimulia hii stori hupenda kusifu ujasiri. Mimi nasema ujasiri pekee ungewaacha mifupa kule jangwani. Kilichowatoa ni kwamba kulikuwa na fundi kwa hiyo safari, na huyo fundi hakuwa amebebwa, alikuwa mwenyewe ndiye dereva. Injini ilifunguliwa huko Agadez, kipande kwa kipande, na mikono yenye grisi ilikuwa yao wenyewe. Safari ikaendelea hadi Kano, kisha Cameroon, kisha Congo iliyokuwa chini ya Ubelgiji.

Baadaye wakaingia Uganda, wakapita hapa kwetu Kenya, wakashuka Tanganyika. Hebu tuambiane ukweli. Mipaka hiyo yote iliwafungukia kwa sababu walikuwa Waingereza Afrika ya wakoloni. Mwaka huo huo, guka wako akitoka reserve kwenda kutafuta kazi alilazimika kubeba kipande, na akishikwa bila hicho anapelekwa ndani. Hiyo haiondoi kazi waliyofanya kwa mchanga, lakini ukiangalia hizo picha za zamani usisahau nani alikuwa na ruhusa ya kuzurura.

Julai 29, 1935, Panther ikafika Cape Town. Miezi saba na nusu barabarani, na mara nyingi barabara yenyewe haikuwepo.

Ungedhani hapo Theresa angepumzika. Wapi! Mwaka wa 1939 naye akazungusha Norton ya 350cc pale Brooklands kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, na hadi leo ni wanawake watatu tu waliowahi kupewa nyota ya dhahabu ya uwanja huo. Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliingia jeshi, akawa mwanamke wa kwanza kuwa tarishi wa pikipiki katika jeshi la Uingereza. Vita vilipoisha akazunguka Marekani, Canada na Mexico na Norton kwa zaidi ya miaka miwili, akipata ganji kwa vibarua vya hapa na pale.

Mwishowe alihamia Marekani na kufungua duka la pikipiki Chicago. Hapa ndipo mimi humpenda zaidi: ukija na doh zako na aone hujui kuendesha, hakuuzii tu. Kwanza anakufunza. Hiyo tabia ikageuka kazi. Mwaka wa 1970 alitoa kitabu cha kufundisha watu kuendesha, na baadaye akafungua shule ya pikipiki kule Phoenix, Arizona.

Gari hakuwahi kumiliki maishani mwake. Aliendelea kuendesha hadi akiwa na miaka 88, na hata hapo hakuacha kwa kupenda, macho ndiyo yalikataa. Alifariki Aprili 30, 1999, siku aliyofikisha miaka 90. Stori ya Sahara alikuwa ameiandika mwenyewe, lakini kitabu chenyewe, The Rugged Road, kilichapishwa 2001. Hakukiona.