Mo Amin: Kamera iliyoonyesha njaa ya Korem, na njaa ya Ukambani iliyokosa picha

KWA wazee wa Matinyani, katika eneo la Kitui Magharibi, mwaka wa 1984 una jina lake. Wakamba wamezoea kuzipa njaa majina, na hiyo waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa ilhali nimeshika. Pesa zilikuwepo mkononi kwa aliyebahatika kuuza mbuzi au kutumiwa na mwanawe aliyeajiriwa mjini, lakini chakula cha kununua hakikupatikana.

Mvua za masika za mwaka huo zilikosekana karibu kote nchini, na Ukambani, ambako hata mwaka wa neema huvunwa kwa wasiwasi, mashamba yalibaki vumbi tupu.

Mwaka huo huo, mbali kaskazini mwa mpaka wa Kenya, mwanahabari mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi, aliinua kamera yake katika uwanda wa Korem, Ethiopia, na kupiga picha ambazo dunia haijazisahau hadi leo. Mwanahabari huyo ni Mohamed Amin, ambaye wengi walimfahamu kwa jina fupi la Mo.

Jina la Matinyani halikutajwa katika taarifa hiyo, wala hapakuwa na sababu ya kutajwa. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kazi ya Amin, na kazi ya filamu za matukio halisi kwa jumla, hana budi kuzitazama njaa hizo mbili kwa pamoja: ile iliyopigwa picha na ile ambayo haikupigwa.

Amin alizaliwa Agosti 29, 1943. Baba yake alitoka Punjab na kufanya kazi katika shirika la reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamisha familia hadi Dar es Salaam, Mo akiwa bado mtoto.

Akiwa na umri wa miaka 11 alijipatia kamera kuukuu aina ya Box Brownie kwa shilingi 40. Hakuwa na mwalimu wa upigaji picha wa kujivunia. Alijifunza kwa kujaribu, kuharibu na kujaribu tena, na kabla ya kutimiza miaka 20 magazeti yalikuwa yakinunua picha zake. Mwaka wa 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, jijini Dar es Salaam.

Zilikuwa nyakati za kumfaa kijana wa aina yake. Mapinduzi ya Zanzibar yalipozuka Januari 1964, alikuwa miongoni mwa wapiga picha wachache waliofika kisiwani mapema. Lakini Zanzibar pia ndiko alikolipia udadisi wake. Mwaka wa 1966 alikamatwa huko, akazuiliwa gerezani na kuteswa. Baada ya masaibu hayo ilimlazimu kuondoka Tanzania, akarejea Nairobi, mji aliozaliwa, na kuyafanya makao ya Camerapix kuwa huko.

Ni vyema kueleza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa siku hizo, kwani msomaji wa leo, mwenye simu inayorekodi na kusambaza picha kwa dakika moja, huenda asiifahamu. Mpiga picha wa televisheni alitumia filamu ya utepe iliyopaswa kusafishwa kwa dawa kabla ya kutazamwa. Amin aliliwakilisha shirika la Visnews la London, lililokuwa likiviuzia vituo vya televisheni vya nchi mbalimbali picha za habari. Mikebe ya filamu ilipelekwa uwanja wa ndege, ikakabidhiwa rubani au abiria, ikapokelewa Ulaya, ikasafishwa na kukatwa.

Kwa hivyo aliyekuwa uwanjani hakuweza kuona alichokipiga. Ilimbidi aihariri filamu kichwani mwake huku akiipiga: picha ya mbali ya kuonyesha mahali, picha ya karibu ya uso, mkono, mguu, kisha mbali tena. Aliyepiga ovyo alimwachia mhariri wa London rundo la vipande visivyounganika. Amin alisifiwa kwa kutuma vipande vilivyojiunga vyenyewe.

Julai 5, 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, Amin alifika upesi na kuendelea kupiga picha hadi ndani ya ambulensi. Picha hizo zilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni nchini Uingereza mwaka huo. Wapo waliouliza, na swali hilo lina haki ya kuulizwa, iwapo mtu anayekata roho anapaswa kumulikwa kwa kamera. Amin hakuwa mtu wa kukaa na swali kama hilo kwa muda mrefu. Kwake, tukio ambalo halikunaswa lilikuwa tukio litakalokanushwa kesho.

Kumtaja kama mpiga picha wa vita na vifo pekee, hata hivyo, ni kumpunguza. Televisheni ya mambo halisi ina matawi mengi. Kuna kipande cha habari cha dakika mbili, kuna makala ya uchunguzi, kuna filamu ya wanyamapori, kuna ya safari, kuna ya ibada na desturi, na kuna kipindi cha jarida kinachokusanya habari tano au sita kila wiki. Ni wachache waliowahi kuyafanya yote. Amin aliyagusa karibu yote, na mara nyingi safari moja ilimzalia filamu, picha za magazeti na kitabu.

Aliandama mahujaji hadi Makka, na kitabu cha safari hiyo kikatoka mwaka wa 1978. Alizunguka Ziwa Turkana na kutoa kitabu Cradle of Mankind mwaka wa 1981. Mwaka uliofuata, pamoja na mtafiti Esmond Bradley Martin, alichapisha Run Rhino Run, kilichotahadharisha kuhusu kuangamizwa kwa vifaru. Reli iliyomlisha utotoni nayo aliiandalia kitabu. Katika mengi ya hayo alishirikiana na mpiga picha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley.

Alikuwa mfanyabiashara pia, na hakuona haya kwa hilo. Picha moja aliiuza kwa wateja wengi kadiri alivyoweza. Wapinzani wake walilalamika, lakini ni fedha hizo zilizomwezesha Mkenya kuwa na kampuni iliyosimama sambamba na mashirika makubwa ya Ulaya.

Ndipo ikafika Oktoba 1984. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa imetoka tu kuadhimisha miaka 10 ya mapinduzi kwa shangwe kubwa jijini Addis Ababa, na haikutaka wageni waione njaa iliyokuwa ikitafuna majimbo ya Wollo na Tigray, ambako pia vita vilikuwa vikiendelea. Kibali cha kusafiri kilikuwa kigumu kupatikana. Amin alitumia ujuzi wake wa ofisi za Addis, ambazo alizifahamu kwa miaka mingi, hadi yeye na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk, wakaruhusiwa kufika Mekelle na Korem.

Walichokikuta Korem ni maelfu ya watu waliolala nje katika baridi ya nyanda za juu, wakingojea chakula ambacho hakikuwapo. Kila alfajiri maiti zilipangwa kando zikiwa zimeviringishwa vitambaa.

Hapa ndipo uamuzi wa mwenye kamera unapoonekana. Amin hakukimbizana na tukio, kwani hapakuwa na tukio la kukimbiliwa. Aliacha kamera itulie. Uwanda unaonekana kwanza katika mwanga hafifu wa asubuhi, umejaa watu hadi jicho linapokoma, kisha nyuso, moja baada ya nyingine, na kila uso unapewa muda wa kutosha hata mtazamaji akashindwa kugeuka. Maneno ya Buerk yalisifiwa sana, na yalistahili. Lakini kama angetazamwa mtu mwingine akisoma maneno yale bila picha zile, ni vigumu kuamini kwamba taarifa ile ingepita kiwango cha habari ya kawaida.

BBC iliirusha Oktoba 23, 1984, na siku hiyo hiyo kituo cha NBC kikaionyesha Marekani. Ilikuwa ya takriban dakika saba. Baadaye ilionyeshwa na vituo 425 ulimwenguni. Kabla ya mwaka kwisha Bob Geldof na wanamuziki wenzake wa Uingereza walikuwa wametoa wimbo wa kuchangisha fedha, wenzao wa Marekani wakafuata mwanzoni mwa 1985, na Julai 13 mwaka huo yakafanyika matamasha ya Live Aid katika miji ya London na Philadelphia. Amin mwenyewe alirudi kwenye mada hiyo kwa filamu ndefu zaidi, African Calvary.

Misaada iliokoa watu wengi. Pia ilizua maswali. Utawala wa Mengistu ulitumia wakati huo huo kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini, na shirika la madaktari la MSF la Ufaransa lilipopaza sauti lilifukuzwa nchini humo mwaka wa 1985. Dakika saba za televisheni zilionyesha ukame na mateso kwa uwazi, lakini mkono wa serikali na wa vita ulionekana kwa shida. Hilo ni pungufu la aina hiyo ya taarifa, si la Amin peke yake: kamera humwona aliye mbele yake, na waziri aliyezuia malori hakuwa Korem.

Turejee Kitui. Kenya mwaka huo ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, lakini serikali ilianza mapema kuagiza mahindi kutoka nje, na yale mahindi ya manjano yaliyosimangwa kwa ladha na rangi yake ndiyo yaliyofika hadi vijijini Ukambani. Ng'ombe walikufa, watoto walikonda, watu walihesabu masiku. Vifo vya halaiki kama vya Ethiopia, ambako makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 400,000 na milioni moja, havikutokea.

Na kwa kuwa havikutokea, hakuna filamu iliyozunguka dunia. Lori la mahindi linaloteremsha magunia sokoni halina mvuto wa kumkalisha mtazamaji wa London, ingawa kazi liliyoifanya lori hilo ndiyo iliyopaswa kufanywa Korem miezi kadhaa kabla. Sauti ya Kenya, iliyokuwa televisheni pekee nchini, ilionekana na wachache nje ya miji, na wakazi wengi wa Kitui walitegemea redio. Njaa ya Nikw'a Ngwete ikabaki katika jina lake na katika kumbukumbu za waliokula yale mahindi.

Yaelekea Amin aliliona pengo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliongoza kipindi cha Africa Journal cha Visnews, shirika lililokuja kuitwa Reuters Television. Kilikuwa jarida la kila wiki lililotengenezwa na wanahabari wa Kiafrika kwa ajili ya vituo vya Afrika. Kilizungumzia biashara, kilimo, muziki, michezo na siasa. Katika sifa anazopewa, kazi hii hutajwa mwishoni au isitajwe kabisa, na hapo anakosewa haki. Ilihitaji ustahimilivu zaidi kuliko Korem: kila wiki, bila maiti, kumshawishi mtazamaji kwamba maisha ya jirani yake yanafaa kutazamwa.

Wakati huo alikuwa tayari na mkono mmoja. Juni 4, 1991, siku chache baada ya Mengistu kutoroka, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa wakati Amin na wenzake wakipiga picha. Mrekodi sauti wake, Mkenya John Mathai, aliuawa papo hapo. Amin alipoteza mkono wa kushoto.

Mathai anastahili kukumbukwa zaidi ya sentensi moja. Mrekodi sauti huenda palipo na hatari sawasawa na mwenye kamera, naye haonekani wala hasikiki. Kinachosikika ni milio na vilio vya wengine alivyovinasa.

Amin alitengenezewa mkono wa bandia nchini Marekani, akajifunza upya kushika kamera, na baada ya miezi michache alikuwa kazini.

Novemba 23, 1996, akitoka Addis Ababa kurudi nyumbani, alipanda ndege ya Ethiopian Airlines nambari 961 pamoja na Brian Tetley. Watu watatu waliiteka na kuamuru ipelekwe Australia, wakikataa kuamini maelezo ya rubani Leul Abate kwamba mafuta hayangetosha. Manusura walisimulia kwamba Amin alisimama na kubishana na watekaji, akiwahimiza abiria wenzake wasikubali. Mafuta yalikwisha. Ndege iligonga maji karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Comoro. Kati ya watu 175 waliokuwa ndani, 125 walifariki, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao.

Mtalii mmoja aliyekuwa ufuoni na kamera ndogo ya video aliinasa ndege hiyo ikipasuka majini, na picha zake zikaonyeshwa na televisheni za ulimwengu mzima.

Amin alikuwa na umri wa miaka 53. Alimwacha mkewe, Dolly, na mwana mmoja, Salim, ambaye alichukua uongozi wa Camerapix na kusaidia kuanzisha jijini Nairobi kituo cha kuwafunza vijana utengenezaji wa filamu na vipindi vya televisheni, kwa jina la babake. Mwaka wa 2006 ilitoka filamu ya matukio halisi ya Salim mwenyewe, Mo & Me. Ndani yake mna kamera, tuzo na vita, na mna pia mtoto anayemsubiri baba ambaye mara nyingi alikuwa safarini.