Grace Darling na Dirisha la Ukumbusho

Katika kijiji cha Bamburgh, pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, liko kanisa la kale la Mtakatifu Aidan. Ndani yake mna dirisha la vioo vya rangi, lililowekwa kwa ukumbusho wa msichana aliyeitwa Grace Darling. Yeye hakuwa binti wa mfalme wala wa tajiri. Baba yake alikuwa mlinzi wa taa ya baharini.

Grace alizaliwa Bamburgh mwaka 1815. Tangu mwaka 1826 alikaa na wazazi wake katika mnara wa taa wa Longstone, juu ya mwamba uliozungukwa na bahari. Kazi yao ilikuwa kuitunza taa isizimike usiku, ili mabaharia waiepuke miamba.

Tarehe 7 Septemba 1838, kabla ya mapambazuko, tufani kali ilivuma. Merikebu ya moshi iitwayo Forfarshire, ambayo mitambo yake ilikuwa imeharibika, ilipanda mwamba ikavunjika. Grace aliiona kutoka dirishani mwake. Kulipokucha, waliona watu wangali hai mwambani. Ndugu yake hakuwapo siku ile, na baba peke yake hakuweza kuiendesha mashua. Tena alijua ya kuwa, kama watu wale wamelegea hata hawawezi kushika kasia, pengine mashua haitarudi. Hata hivyo Grace, mwenye umri wa miaka 22, alishika makasia, wakaenda.

Walivuta kama maili moja, wakijikinga na upepo nyuma ya visiwa. Walipofika, baba aliruka mwambani, na Grace akabaki peke yake akiizuia mashua isipigwe miambani. Wakawachukua watu watano. Grace akakaa mnarani kuwahudumia, na baba akarudi pamoja na mabaharia waliookoka, akawaleta wanne waliosalia. Watu zaidi ya 40 walikufa katika ajali ile.

Sifa za Grace zikaenea pote. Alipewa nishani ya fedha, na Malkia Victoria akampelekea paundi 50. Lakini yeye hakujikweza. Akaendelea na kazi zake mnarani. Mwaka 1842 akashikwa na kifua kikuu, akafa tarehe 20 Oktoba, umri wake miaka 26.

Amezikwa katika kiwanja cha kanisa lile. Na dirisha lake huwakumbusha waingiao ya kuwa alikwenda kuwaokoa watu asiowajua, naye hana hakika ya kurudi.