Dkt. Matthew Lukwiya: Imani na Glavu

Somo la wiki hii ni Yohana 10:11-15, pale Yesu anapomtofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Mbwa mwitu akija, wa mshahara anatoroka. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Eastlands, na kanisani kwetu tuko wengi wa kazi hii. Nimeombwa niandike juu ya mtu aliyeishi somo hili, nami nimemchagua jirani yetu wa Uganda, Daktari Matthew Lukwiya.

Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikufa kijana akiwa na miaka 12, akalelewa na mama mchuuzi. Lakini darasani alikuwa anaongoza, mpaka akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1983 akaingia Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu. Hospitali ni ya Wakatoliki, yeye ni Mprotestanti, na walifanya kazi pamoja vizuri tu.

Ijumaa Kuu ya 1989 waasi walivamia hospitali wakitaka kuwateka masista. Matthew akajitoa achukuliwe yeye badala yao. Alitembezwa msituni kama wiki moja ndipo akaachiliwa. Baadaye akaenda Liverpool, Uingereza, kusomea magonjwa ya nchi za joto. Alifanya vizuri sana hata wakamtaka abaki afundishe. Akarudi Lacor.

Sasa tufike Oktoba 2000. Alikuwa Kampala kwa masomo mengine alipopigiwa simu kwamba kuna ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wa uuguzi wanakufa. Akarudi siku hiyo hiyo.

Hebu tuangalie alichofanya. Alikaa chini na Sista Maria Di Santo, wakapitia mafaili ya wagonjwa moja moja. Ndugu zangu, faili ni kazi ya muuguzi: joto limepanda saa ngapi, ametapika mara ngapi, damu imetokea wapi. Kutokana na mafaili hayo wakaona wagonjwa 17 wenye dalili zinazofanana. Hakungoja barua ipande ngazi moja moja. Alipiga simu moja kwa moja kwa mkubwa wa Wizara ya Afya Kampala. Kabla maabara ya Afrika Kusini kuthibitisha kwamba ni Ebola, wodi ya kuwatenga wagonjwa ilikuwa tayari, na wauguzi waliojitolea wako ndani na gauni, glavu, maski na kinga ya macho.

Lakini wauguzi waliendelea kufa. Mwishoni mwa Novemba wafanyakazi mamia walikusanyika, wamechoka, wamefiwa, wanataka hospitali ifungwe. Matthew hakuwatisha wala hakuwadharau. Aliwasikiliza kwa saa nyingi. Anayetaka kuondoka alikuwa huru, yeye angebaki. Mkutano uliisha kwa wimbo, wakarudi kazini.

Kabla ya hapo, alfajiri moja, Matthew alikuwa ameamshwa. Muuguzi mmoja aliyeugua alikuwa ametoka kitandani, anavuja damu, amechanganyikiwa. Matthew alivaa gauni, maski na glavu, akaingia kumsaidia. Macho hakuyakinga. Inaaminika hapo ndipo alipoambukizwa. Alipolala wodini aliwataka wanaomhudumia wasijihatarishe kwa ajili yake. Mke wake Margaret alipokuja, alimgusa miguu tu, akiwa amevaa glavu. Matthew alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akazikwa siku hiyo hiyo pale hospitalini. Mlipuko ule uliua watu 224 kati ya 425 walioambukizwa. Wafanyakazi 13 wa Lacor walikufa, naye ndiye wa mwisho wao.

Wapendwa, hapa kuna hatari ya kuhubiri vibaya. Nasikia watu wakisema kwamba aliye na Yesu hahitaji maski, ati damu ya Yesu inatosha. Kifo cha Matthew kisitumiwe kutetea neno hilo. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake wajikinge, na sheria ile ilikuwa sahihi hata alfajiri ile. Upendo ulimwingiza mbio, na uchovu wa wiki nyingi ulikuwa juu yake. Ujasiri wake ni baraka. Pengo la macho si ushuhuda wa kuigwa.

Kwa muuguzi, kuwa mchungaji mwema ni kubaki na mgonjwa, na pia ni kuandika ukweli kwenye faili, kumwamsha daktari usiku hata kama atanuna, na kusimama dakika moja uvae kinga yote ijapokuwa mgonjwa analia. Dakika hiyo inamlinda pia mgonjwa wa kitanda kinachofuata, na watoto wako nyumbani Kayole.

Na wewe ambaye si muuguzi, una sehemu yako. Muuguzi akikuzuia mlangoni, usimwite katili. Na anayewaomba wauguzi wabaki kazini, awape glavu na muda wa kulala.

Wiki hii, katika ushirika wa nyumbani, tuwataje kwa majina wahudumu wa afya walio kati yetu na kuwaombea. Kisha tuwaulize wanahitaji nini. Mungu awabariki.