Mganga Aliyenyonya Sumu

Thomas Heazle Parke alizaliwa katika nchi ya Ireland mwaka 1857. Alisoma uganga mjini Dublin, na mwaka 1881 akaingia katika jeshi la Uingereza. Kazi yake haikuwa kuua adui, bali kutunza majeruhi na wagonjwa.

Mwaka 1882 alipelekwa Misri, penye vita. Mwaka uliofuata kipindupindu kilizuka huko, naye akawekwa kuwatunza wagonjwa katika kambi ya Helwan, karibu na Cairo. Mwezi wa Januari 1885 alikuwa pamoja na askari waliovuka jangwa la Sudani kwenda kumwokoa Jenerali Gordon, aliyezingirwa mjini Khartoum. Njiani walipigana vita vikali huko Abu Klea na Gubat, na waganga walikuwa na kazi nyingi. Askari walifika wamechelewa siku mbili tu. Gordon alikuwa amekwisha kuuawa.

Mwaka 1887 Parke alifuatana na Stanley katika safari ya kumtafuta Emin Pasha, liwali wa Equatoria, aliyekatiwa njia na vita vya Mahdi. Wapagazi wengi walikuwa watu wa Unguja, wasemao Kiswahili. Mwisho wa Juni waliondoka Yambuya, karibu watu 390, wakapanda kando ya mto Aruwimi, ambao upande wa juu huitwa Ituri. Msituni njaa iliwashika, wakachukua ndizi na mahindi katika mashamba ya watu. Wenyeji, walipoona wageni wenye bunduki wakila jasho lao, walijitetea kwa mishale yenye sumu.

Tarehe 13 Agosti 1887, mahali paitwapo Avisibba, mshale ulimchoma Luteni Stairs kifuani, chini ya moyo. Parke alijua ya kuwa sumu ile yaweza kumwua yeye pia. Hata hivyo aliinama, akaweka kinywa chake juu ya kidonda, akainyonya. Stairs alipona. Wengine waliochomwa siku ile walikufa kwa pepopunda.

Miezi miwili baadaye Parke aliachwa Ipoto pamoja na wagonjwa, katika kambi ya Wamanyema waliofanya biashara ya pembe na watumwa. Chakula kilikuwa cha kununua, na bei yake ilikuwa kali. Parke aliuza hata nguo zake, na wengi wa wagonjwa wake walikufa kwa njaa. Mwezi wa Januari 1888 kikosi kilikuja kuwaokoa waliobaki, na mkuu wa kikosi hicho alikuwa Stairs, yule yule aliyeponywa sumu.

Katika msitu huo Parke alimnunua binti wa Wambuti kwa mfanya biashara wa watumwa. Tendo hilo halistahili sifa, maana mtu hana bei: ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini homa ilipomwangusha mganga, binti huyo ndiye aliyemwuguza. Hakusoma uganga mahali po pote, wala hakuwa na deni kwa aliyemnunua, alimhurumia tu. Walipotoka msituni hakuweza kustahimili mwanga mkali wa mbugani, na Parke akamwacha nyuma.

Mwezi wa Mei 1889 msafara ulivuka mto Semuliki, ukapita chini ya mlima Ruwenzori, upande wetu wa Beni. Tarehe 4 Desemba ulifika Bagamoyo. Usiku ule ule Emin Pasha alianguka kutoka dirishani akaumia vibaya kichwani. Wenzake walipokwenda Unguja, Parke alibaki kumwuguza, hata ugonjwa ukamlaza yeye mwenyewe. Alikufa mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 35.

Mjini Dublin ipo sanamu yake, na chini yake imechorwa habari ya Avisibba: mganga ameinama juu ya kidonda cha mwenzake. Anayejiandaa kwa Ubatizo aitafakari picha hiyo, tena amkumbuke binti wa Wambuti aliyeinama juu ya mgonjwa wake. Msamaria mwema hakuuliza aliyejeruhiwa ni wa kabila gani. Binti yule naye hakuuliza.