Funguo za Margery Kempe

Kila nisikiapo mama aliyejifungua karibuni akapotewa na akili, watu wakanong'ona kuwa amerogwa au amelaaniwa, humkumbuka Margery Kempe wa mji wa Lynn, Uingereza.

Alizaliwa yapata mwaka 1373, bintiye meya, akaolewa na John Kempe akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Alipojifungua mtoto wa kwanza aliugua, akamwita padri ili aungame. Padri alimkaripia kabla hajamaliza. Akili zikamruka. Kwa miezi 8 hivi aliona mashetani, akawatukana jamaa zake, akajiuma mkono hata akabaki na kovu maishani. Ikabidi afungwe usiku na mchana.

Siku moja, baada ya kutokewa na Kristo kama alivyosimulia mwenyewe, alitulia, akaomba funguo za ghala la chakula. Watumishi walimshauri mumewe asimpe. Mume akampa. Mama huyo alizaa watoto 14 kwa jumla, akahiji Yerusalemu, na katika miaka ya 1430 akawasimulia waandishi kitabu cha maisha yake.

Maradhi ya namna hii huwapata wanawake 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, aghalabu katika majuma mawili ya kwanza. Yana tiba, nayo haingoji kesho. Basi tumfikishe mgonjwa hospitalini siku iyo hiyo. Na aponapo, tusimnyime funguo zake.